Mie Si Daktari

Samiha alikuwa anaanua nguo uani kwao Chumbageni, Mzee Sadalla wa nyumba ya pili alipoingia ameinama, kashika kiuno.

"Dokta, hebu niangalie mgongo huu."

"Shikamoo, babu. Mie si daktari. Nimesomea biolojia."

"Marahaba," akasema Mzee Sadalla, akanyooka, akamsaidia kukunja shuka, akaenda zake.

Habari zikafika Nguvumali kabla ya adhuhuri. Wakaja wa jino, wa pumu, wa tumbo. Wote walimwita dokta, kwa kuwa mama yake, Bi Mwatumu, aliuza shamba la minazi la Kigombe ili amsomeshe, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeuza minazi kwa ajili ya biolojia. Samiha akawa anakana, nao wanapona. Akiongeza kwamba biolojia ni ya viumbe vyote, hata konokono, mgonjwa alirudiwa na hamu ya kula.

Aliyebaki na maradhi yake ni Bi Mwatumu mwenyewe, mwenye goti bovu. Kila bintiye alipofungua kinywa, aliziba masikio kwa mtandio.

"Usinitie uchungu, mwanangu. Neno hilo mie silisikii."

Hilo lilimuuma Samiha kuliko kukosa kazi. Na kazi aliitaka kweli: akae maabara, apime damu, alipwe kama watu. Hospitali moja ikamwita kwenye usaili. Mwenyekiti wa jopo alikuwa anakohoa tangu Ramadhani.

"Wewe ni daktari?"

"Mie si daktari."

Kikohozi kikakoma. Mwenyekiti akasema alhamdulillahi, akanywa maji, akaeleza kwamba maabara inataka mtu mwenye uzoefu.

"Nimeponya nusu ya Chumbageni, bwana."

"Kuponya ni kazi ya daktari, na umekiri mwenyewe kuwa si daktari. Ila waweza kuja kujitolea."

Basi sasa yuko pale getini, kwenye benchi, na koti jeupe alilojinunulia. Hukana tangu asubuhi mpaka koo linakauka. Madaktari humsalimia kwa adabu wakipita, maana kazi imewapungua na mshahara uko pale pale. Wanaojitolea hawapewi chakula, kwa hiyo mchana Bi Mwatumu huja na wali wa nazi za kununua, akichechemea juani na hotipoti mkononi.

"Nipisheni," huwaambia watu wa foleni. "Namletea mwanangu chakula. Huyo daktari."