Kungoja Sebene ya Mjapani

Gari la Constant lilikwisha kuwaka, limebeba godoro, kabati, redio ya diski na sufuria za Maman Émérance kutoka Saint-Gilles kwenda Forest, humo humo Brussels, ndipo Mzee Mwenze akadandia nyuma, diski mkononi.

"Papa, we unaenda wapi?" Émérance akauliza.

"Minafuata redio yako, maman. Kesho Jérôme anataka article ya hii diski."

Jérôme alikuwa na kigazeti cha Wakongomani wa Brussels. Mwenze, ambaye shule aliionja vipande vipande, Likasi kidogo, Ndola kidogo, alikuwa amepewa ukurasa wa muziki kwa majaribio. "Utaweza kweli, papa?" Jérôme alimwuliza, na neno hilo lilimchoma. Akishindwa, ukurasa unakwenda kwa mwingine.

Diski ilikuwa ya mwanamuziki mmoja Mjapani anayezitoa kwa wingi kama mtu achomaye maandazi. Mwenze akaitia redioni, akawasha. Sauti moja tu: vuuuu.

"Bon, hii ni introduction," Constant akasema kutoka kwenye usukani. "Sebene itakuja."

Mkongomani gani asiyelijua hilo? Wimbo huanza kwa kubembeleza, halafu magitaa yanafunguka, ndiyo sebene, na watu wote wanasimama kucheza. Basi wakangoja. Walipofika Forest, Constant akazima injini, na nusu ya muziki ikazimika nayo.

"Kumbe tulikuwa tunasikiliza moteur yako!" Émérance akacheka.

Hakuna aliyeshusha hata kijiko. Walikaa juu ya godoro, mlango wa nyuma wazi, vuuuu ikiendelea.

"Alors, sebene iko wapi?"

"Ungoje, Constant. Una haraka ya nini?" Émérance akamjibu.

Mara kukawa kimya.

"Papa, mbona umezima?" Émérance akauliza.

"Sikuzima, maman. Imeisha."

"Rudisha."

Kesho yake Jérôme akasoma: "Tulingoja sebene, haikuja. Ilipoisha, maman mwenye redio akaomba irudiwe. Kama huu ni muziki mkubwa, sijui. Ninachojua, ilikuwa siku ya kuhama na hatukugombana."

"Papa, toa hiyo sebene. Wazungu watatucheka. Andika kama revues za muziki za huku."

Mwenze akavaa koti. "Basi tafuta muntu wa revues. Jina langu haliendi bila sebene yangu."

Alikuwa amekwisha kushika kitasa.

"Bon, rudi, papa. Itapita hivyo hivyo."

Ikapita, na jina lake zima chini. Mwenze alitembea kwa miguu kutoka ofisi ya gazeti, Saint-Josse, hadi Forest, gazeti limefunguliwa ukurasa ule ule, ili atakayekutana naye aone.

Gazeti lilifungwa mwaka 1999. Jérôme aliingia kazi ya bima. Constant aliuza gari, akarudi Lubumbashi. Émérance yuko Forest bado, na diski iliyobaki kwake siku ile hakuirudisha. Mjapani aliendelea kutoa nyingine. Mwenze aliuandika ukurasa wa muziki mpaka mwisho wa gazeti, akahamia Lille, akafia huko.