Aproni ya Kisilu

Kule Kilungu kaburi huchimbwa na majirani, bure, kwa chai na maneno mengi. Asubuhi ile ya Agosti 1995 vijana walikuwa wamefika kiunoni katika shimo la Kisilu, kisha wakaegemea majembe. Walikuwa wanamngoja Ndolo.

Ndolo alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba alikuwa na hakika ya kila kitu.

"Dada Syombua," alimwambia mjane, "hatukatai kumzika mzee. Lakini kile kitu kichomwe kwanza, tuone kwa macho yetu."

Kile kitu kilikuwa aproni. Kisilu, karani wa reli aliyestaafu akafungua duka, alikuwa Frimasoni, chama cha siri ambacho watu wake huvaa aproni mikutanoni. Kila mwezi alivaa suti nyeusi, akashika kibegi chake, akaenda Nairobi, akarudi kesho yake akinuka sigara za watu wengine. Syombua akiuliza, alicheka. "Nguo ya kazi tu, mama. Nikifa uniwekee ndani ya sanduku." Kanisani walipomuuliza, huko pia alicheka.

Sasa, mtu akicheka badala ya kujibu, wengine humjibia. Walisema anafuga nyoka nyuma ya duka. Walisema watoto wake wawili, waliokufa kwa surua, ndio waliolipia mabati ya lile duka. Mabati yale Syombua aliyanunua kwa pesa za machungwa ya shamba lake, aliyoyabeba mgongoni kwenda kuyauza barabara ya Mombasa. Hakuna aliyemuuliza.

Syombua alitazama jeneza, akatazama watu. Kisilu alitaka aproni yake. Yeye alihitaji mtu wa kubeba jeneza leo, na mtu wa kumsalimu Jumatatu.

"Nikiichoma mtamzika? Kwa nyimbo na maombi?"

"Kama Mkristo mwingine yeyote."

Akaitoa kibegini: ngozi nyeupe, laini, yenye ukingo wa bluu. Jirani yake Mbinya akashika kiuno.

"Hii tu? Kumbe mzee alikuwa anaenda Nairobi kupika chapati!"

Watu wakaangua kicheko. Kwa mara ya kwanza tangu kifo, pale nyumbani palisikika kama matanga ya kawaida, na Syombua akajiambia mambo yameisha. Akaisukuma aproni kwenye moto, chini ya sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe ya waombolezaji.

Ngozi ikajikunja, ikalia kama mafuta, ikatoa harufu ya nyama. Kicheko kikakatika.

"Hiyo ni nyama ya nini?" kijana mmoja akauliza kutoka shimoni.

"Ngozi ya kondoo," Syombua akasema.

"Kondoo hanuki hivyo," akasema Mbinya, ambaye kondoo alikutana naye Krismasi kwa Krismasi.

Ndolo akachokoa majivu kwa kijiti ahakikishe imeteketea. Kijiti kikaibuka na chuma kidogo kilichopinda, chenye kichwa na jicho.

"Nyoka!" Ndolo akapiga kelele.

"Ni kifungo cha mkanda wa aproni!" Syombua akasema. "Mzee Ndolo, kiangalie vizuri, ni kifungo!"

Lakini vijana walikuwa wameshatoka shimoni, na kila mtu alikuwa amekumbuka jembe lake na njia ya kwao. Mbinya akamwaga isyo kwenye nyasi, maana sufuria ilikuwa yake, akaondoka nayo ikiwa moto, ameifunga kwa leso.

Alasiri wakaja wazee watatu wenye suti, waliokuwa wakikutana na Kisilu kule Nairobi. Aliyetangulia alikuwa Jabiri, muuza vitambaa wa Kitui mjini.

"Pole, shemeji," alisema. Akaona shimo, akaona hakuna watu, akavua koti.

Frimasoni ni watu wanaojiita waashi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukoroga saruji. Walipokezana jembe la Syombua wakihema kama punda. Viganja vya Jabiri vilipasuka mapema.

"Aproni iko wapi, tumwekee?"

Syombua akafungua mkono. Kifungo kilikuwa kimemchoma kidogo.

Jabiri akakigeuza kwa kidole, akaelewa aproni imechomwa.

"Niambie, shemeji Jabiri. Mlikuwa mnafanya nini huko?"

"Tunakariri maneno marefu. Tunakula. Tunachangia mayatima. Mimi nafunga Ramadhani, yeye alishika Biblia, tukakaa meza moja."

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu, shemeji."

"Sasa siri ilikuwa ya nini?"

Jabiri akafuta damu kwenye suruali. "Bila siri, labda tusingeenda."

"Mngesema hayo mwaka jana tu," Syombua akasema, "angezikwa na watu."

Jeneza walilishusha wanne, likakaribia kupinduka. Jabiri akavunja kijitawi cha mgunga kwenye ua wa boma, akakidondosha ndani, kama Frimasoni wanavyoagana na mwenzao. Syombua akadondosha kifungo. Kiligonga mbao, kikatulia.

Akachukua jembe, akaanza kufukia. Kule chini barabarani Mbinya alikuwa anawaonyesha watu ukubwa wa yule nyoka kwa mikono miwili, na kila aliyefika aliikuta mikono imeachana zaidi.