Mwana wa Nje ya Mlango

"Toka hapo!" alisema Murtagh. "Mama habebwi na bega lililouza watu wake."

Lucas Considine, ndugu yake, alikuwa ameshainama chini ya jeneza. Akajitoa taratibu, akapisha. Binamu yake alishika nafasi ile, na msafara ukaondoka kuelekea kibanda cha misa, mvua ikiwanyea wote.

Miaka ishirini na miwili alikuwa mbunge huko Dublin, mji mkuu, na katika miaka hiyo alisimama kusema mara tatu tu. Kiti kilikuwa mali ya lodi mmoja, bwana mwenye ardhi, na lodi akitaka hapana, Lucas alisema hapana. Majuzi alisema hapana kwa muswada wa kuwapa Wakatoliki haki zao. Habari ilifika kwao Clare kabla yake.

Hakuna aliyejali kukumbuka kwamba mama mwenyewe ndiye aliyemtuma ahame dini. Sheria ilitaka shamba la Mkatoliki ligawanywe vipande vipande kwa wanawe wote, ila mmoja wao akihamia kanisa la mfalme, la Kiprotestanti, basi lote ni lake. "Nenda wewe, Lucas," mama alisema siku ile, akimenya viazi. "Murtagh ana hasira, atawatukana mpaka maaskofu wao." Akaenda. Shamba likabaki zima, na Murtagh analilima mpaka leo. Lakini Lucas akionekana misani hata mara moja, atakayemshitaki atalichukua, nyumba na ng'ombe humo humo.

Kwa hiyo alibaki barabarani nje ya kibanda, wanaposimama Waprotestanti wanaokuja kuzika majirani zao. Alikuwapo mmoja tu: Purefoy, karani wa parokia ya kanisa la mfalme, mtu mwenye macho ya kunguru.

"Msiba wa kwenu, Mheshimiwa?"

"Ndiyo."

"Pole sana. Na huingii?"

"Siingii."

"Haya," alisema Purefoy, akanusa ugoro wake bila kuondoka.

Mlango ukafunguka. Murtagh akatoka kichwa wazi, macho mekundu, akaja mpaka kwenye matope.

"Ndugu yangu," alisema, sauti imemkatika. "Nimekosa. Mama angenilaani. Njoo ndani ukae karibu naye, kisha tumbebe wote wawili mpaka kaburini."

Mungu wangu! Lucas alitamani kulia. Purefoy aliacha kunusa. Ugoro ulibaki vidoleni.

"Mimi si wa humo," alisema Lucas kwa sauti ya bungeni, baridi na ya kusikika.

Murtagh alijifuta mvua usoni. "Basi kweli walikununua wewe mzima mzima," alisema, akarudi ndani na kubamiza mlango.

Punde kengele ya padri ikalia. Nyuma ya ukuta ule wa udongo watu walipiga magoti wote kwa pamoja. Magoti ya Lucas nayo yakakunjika, pale pale kwenye matope.

"Kulikoni, Mheshimiwa?"

"Kifungo cha kiatu," alisema Lucas, kichwa kimeinama. "Kimelegea."

Alikifunga kwa muda mrefu.