Macho ya Mnyama wa Nane

Bi Pushpa alifunua shuka, akamtazama mnyama wangu kuanzia mkonga hadi mkia, kisha akasema, "Umenletea maiti."

Wiki sita nilikuwa nimeinamia kipande kile cha msaji. Mwili wa simba, mkonga wa tembo, kucha zilizokamata ua la yungiyungi, na manyoya ya shingoni niliyoyachonga unywele kwa unywele mpaka shingo yangu mwenyewe ikawa haigeuki. Mtu akikwambia umemletea maiti baada ya kazi ya namna hiyo, unatamani umtupie kitu. Niliitazama nyundo yangu, nikaiacha mezani.

"Ana kasoro gani?" nikauliza.

"Hana macho."

"Atakaa juu kule, dhiraa nane kutoka chini. Nani atamwona macho?"

"Yeye ndiye anayeona," akasema. "Hakuwekwa pale atazamwe."

Mimi ni fundi wa nakshi, jina langu Simai, na kazi hii nimeirithi kwa baba aliyeirithi kwa babu. Hekalu nililokuwa nikilichongea ni dogo, la Kihindu, la ukoo wa Bi Pushpa, limejibana kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, hatua chache tu kutoka makelele ya Darajani. Ndani yake mna ukumbi wa nguzo nane za mbao, na kwenye kichwa cha kila nguzo ametokeza mnyama anayebeba boriti kwa mgongo. Saba alichonga babu yangu. Wa nane aliliwa na mchwa, nami nikaitwa nimchonge upya.

Hatukupendana tangu siku ya kwanza. Alinivua viatu mlangoni, sawa, hata msikitini tunavua. Lakini alinivua na mkanda pia, ati ngozi ya ng'ombe haiingii humo, nikachonga mchana kutwa suruali nimeifunga kwa kamba ya usumba. Alinikataza kuingia na chakula chenye samaki, basi nikawa nakula samaki wangu wa kuchoma nje, barazani, na sinawi sana. Nilimwamkia kwa kuwa mama yangu alinilea, naye akaitikia "Marahaba" huku akiutazama ukuta. Nikiondoka jioni alikagua meza kama mwenye duka aliyekwisha kuibiwa.

Na alikuwa na albamu. Siku aliyonipa kazi aliifungua mbele yangu, akanionyesha hekalu la kale la huko Gujarat, Bara Hindi, walikotoka wazee wake, la mawe matupu, lenye umri wa karne tisa au zaidi. Mnara wake ulipanda mithili ya mlima uliobeba vilima vidogo mabegani. Chini ya mnara ule, akanieleza, kuna chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye giza, wanachokiita tumbo la uzazi, na mbele yake ukumbi wa nguzo uliojaa wachezaji ngoma, tembo, na wanyama kama hawa. Nilizitazama picha zile kwa roho mbaya kabisa, nikitafuta kasoro. Sikuipata. Nilichokiona ni kwamba kwenye vichwa vya nguzo mafundi wale walichonga vigingi na ndimi, viungo vya seremala, ambavyo jiwe halina haja navyo hata kidogo. Walijifunza kwenye mbao, wakahamia kwenye mawe, na mikono yao ikakataa kusahau. Wazee wa Bi Pushpa walipofika Unguja hawakukuta mawe ya namna ile, ila matumbawe yanayomeguka kwenye patasi. Wakarudi kwenye mbao, wakamwita babu yangu. Usiku ule sikupata usingizi kwa wivu.

"Pandit wetu anakuja kesho kwa boti ya asubuhi kumbariki," Bi Pushpa akasema sasa, akimfunika tena mnyama wangu kwa shuka, kichwa na yote. "Kwetu sisi macho hufunguliwa mwisho, kazi nyingine yote ikishakwisha. Asiye na macho simpandishi. Nitawaita mafundi kutoka Mombasa, na watachonga wote wanane upya, wafanane."

"Na wale saba?"

"Watateremshwa."

Alivyolitamka neno hilo ungesema anazungumzia mapazia. Babu yangu hana kaburi linalojulikana wala picha. Ana wale saba tu.

Lakini nilikuwa nimeapa. Siku nilipoleta gogo la msaji nyumbani Mpendae, mke wangu Khairiya alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nshakwambia, Simai. Maua chonga, mikufu chonga. Siku utakayotoboa jicho la kiumbe, utakuja kuambiwa Siku ya Kiyama ukitie roho, na roho huna. Na mikono hiyo haitoingia sahani moja na yangu." Shehe wa mtaani alikuwa amenambia kwamba kisichokamilika uso ni sawa na mti tu, nikajipenyeza kwenye kijinafasi hicho. Niliapa kwa jina la Mungu, mbele ya Khairiya na mbele ya mama yake, kwamba jicho sitochonga.

Nikachukua ngazi. Nilitaka kumthibitishia yule mama kwamba hata babu hakuchonga macho. Nyuso za wanyama wale saba zilikuwa zimefunikwa na rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, na kazi ya kuibandua ilikuwa haijafika huko. Niliparuza uso wa mnyama wa kwanza kwa kisu. Rangi ikadondoka vipande vipande, na chini yake pakatokea jicho.

Nikawasha tochi ya simu, nikasogeza uso karibu. Babu alikuwa wa mkono wa kushoto, na mkato wake naujua kama ninavyoujua mwandiko wa baba. Manyoya, mkonga, meno, yote yake. Macho hayakuwa yake. Moja lilipanda, jingine limeshuka, na pembeni patasi ilikuwa imeteleza ikaacha mchubuko hadi shavuni. Nilihamisha ngazi mara sita. Wote saba walikuwa hivyo hivyo, kazi nzuri isiyo na mfano iliyotiwa makengeza na mtu asiyejua kushika patasi.

"Bi Pushpa!" nikaita kutoka juu. "Nani alitoboa macho haya? Si babu yangu. Ni mtu wenu."

Alisimama chini ya nguzo, akaufuata mwanga wa tochi.

"Babu yangu alikuwa muuza mchele," akasema.

"Basi ndiye, babu yangu alimwachia macho. Na wewe ndiye mjukuu."

"Mwanamke kwetu hashiki patasi humu."

"Yuko wapi mwanamume?"

Jibu nililijua. Ndugu zake wako Uingereza na Maskati, na mwanawe yuko Dar es Salaam, simu hapokei. Nilisema ili nimuumize. Nikaona imemuuma, nikafurahi, na furaha yenyewe haikudumu mpaka nilipofika chini ya ngazi.

Alikuwa amekwisha kuichomeka ncha ya sari kiunoni. Alitoa shuka, akanyoosha mkono bila kuniangalia, nami nikampa patasi nyembamba na nyundo. Nilimshikilia mnyama asiteleze. Kila pigo lake nililisikia kwenye meno yangu. Alikata kina mno upande wa juu na kidogo mno upande wa chini, akabandua kibanzi kwenye ukope niliouchora kwa siku mbili, na alipomaliza lile jicho la kulia lilikuwa bovu, limeegemea sikio. Lakini lilikuwa jicho. Lilinitazama, na mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

La kushoto hakulifikisha mbali. Patasi iliruka, ikachana shavu, akasita. Aliilaza patasi mezani, akaigeuza mpini ukanielekea mimi.

"Nnakwenda kunawa," akasema, akatoka uani.

Babu yangu aliwaacha wanyama wake saba mikononi mwa muuza mchele, akawaona wakiharibiwa nyuso, akashuka zake ngazi. Mimi niliutazama ule mchano kwenye shavu la mnyama wangu nikajua kwamba sina moyo huo. Mapigo matatu yangetosha, pengine manne, na hata lile la kulia lingenyooka. Nilimfikiria Khairiya na sahani yake. Nilijisomea kiapo changu neno kwa neno, kwa sauti ya chini, na vidole vyangu tayari viko kwenye mpini.

Uani maji ya mfereji yalikuwa yakimwagika, yakaendelea kumwagika, muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji.

Nilikwenda, patasi mkononi, nikausukuma mlango wa ukumbi kutoka ndani, taratibu, mpaka ukafungika.