Tano Kabla ya Ishirini

Kicheko kilimpokea Keji kabla hajaufikia mlango wa darasa la saba. Akajua: matokeo ya mtihani wa majaribio yamefika kutoka mjini Arua.

"Dada, darasa la tano iko inakuita!" Ivan, mwenzake wa darasani, akampigia makofi. "Hesabu, thelathini na moja kwa mia!"

Keji alikaza meno. Mwalimu mkuu, Madamu Pasca, alikwishatangaza: aliye chini ya arobaini haandikishwi kwa mtihani wa taifa, anarudi darasa la tano. Na Keji alishawapita kimo walimu wawili wa shule ile ya Koboko, Uganda!

Andama, mwalimu wa hesabu, akamwita ofisini na kuitandaza karatasi yake mbele ya mkuu.

"Madamu, jumla ni mfuniko wa chungu. Tufunue, tuone kilichoungua." Kidole chake kikashuka swali kwa swali. "Penye tarakimu, hakosi. Kugawanya, sehemu, maumbo, yote safi. Lakini namba ikiandikwa kwa maneno, anaanguka, na mtihani huu umejaa maneno. Tazama: ishirini na tano kaifanya hamsini na mbili. Binti yangu, nyumbani mnahesabu kwa lugha gani?"

"Kiarabu cha Juba, mwalimu."

"Ishirini na tano mnasemaje?"

"Khamsa wa ishirin."

Andama akapiga meza. "Tano na ishirini! Anaandika kama mama yake anavyotamka. Tano inatangulia!"

Damu ikampanda Keji. Miaka yote ya kuitwa kichwa maji, kumbe kosa ni moja tu, tena linashikika!

"Nipeni swali," akasema. Hakuomba, alidai.

Madamu Pasca akavaa miwani. "Mia tatu themanini na nne, toa mia moja arobaini na saba."

Nne ilikimbilia kalamuni. Keji akaizuia, akatanguliza nane. Jibu: 237.

"Lingine!" Keji akasema.

Akapata. Lingine, akapata. Madamu alitafuta namba ngumu mpaka akacheka mwenyewe.

"Anaandikishwa. Andama, niletee karatasi za wote waliotoka Juba. Tuzisome upya."

Keji akatoka kifua mbele. Ivan alikuwa mlangoni na kundi lake.

"Vipi, umeaga darasa la saba?"

"Ivan, sikia, na hawa wawe mashahidi. Matokeo ya taifa yakija, kwenye hesabu nitakuwa juu yako. Nakuahidi!"