Miaka Minane ya Thora

Wifi yangu Thora hakutaka kujua. Daktari wa mjini Kirkwall alimpima asubuhi nzima: alimtembeza ukumbini huku akitazama saa, akampa vijiti tisa avichomeke kwenye vitundu tisa, akazikagua picha za ubongo wake. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu aliokuwa nao tangu ujanani ulikuwa umegeuka ule usiopumzika, unaopunguza nguvu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

"Sasa naweza kukadiria itakavyokuwa huko mbele," daktari akasema.

"Mwambie huyu," Thora akajibu, akimwonyesha kaka yangu Erlend. "Yeye ndiye mwenye wasiwasi. Mimi nina kiu ya chai."

Tukatoka, mimi na Thora. Erlend alipotufuata, uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Kaka yangu hajui kuficha jambo. Tuliporudi kisiwani Westray, Thora alikuwa jikoni anakanda mkate wa shayiri, mimi nimeketi namsimulia umbea, mara Erlend akaingia na tepu ya kupimia na karatasi, akaanza kupima mlango wa chumbani.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Mlango umevimba. Unyevu."

"Umeishi humu miaka hamsini na sita, ndiyo leo umeuona?" Thora akamnyang'anya karatasi, akasoma. "Kiti cha magurudumu, upana wake... Erlend!"

Erlend akakaa sakafuni pale pale. Thora akajifuta unga, akashika ukingo wa meza, kisha kabati, kisha bega la mumewe, akateremka taratibu hadi kando yake.

"Haya, yatapike."

"Kati ya watu kumi wenye vipimo kama vyako, saba hawatembei tena baada ya miaka minane. Amesema ni makadirio tu, si hukumu."

"Minane! Ulivyonuna, nilidhani sifiki Krismasi." Akacheka. Halafu akalia, nami nikajifanya nashughulika na jiko.

"Na wale watatu?" akauliza baadaye.

"Wanatembea."

"Basi panua mlango wako. Lakini usianze kuniomboleza, mwanamume wewe. Kondoo wanataka kunyolewa."

Miguu iligoma mwaka wa tano. Erlend alimkasirikia daktari, akatamka maneno ambayo mama yetu angempigia. Thora akamnyamazisha: "Mwache. Mtu wa hali ya hewa anakosea kila siku, na bado tunamsikiliza."

Wiki iliyopita nilipitia kwao, nikamkuta Thora kwenye kiti chake mbele ya sinki, kichwa kimeinamishwa nyuma. Erlend, mikono ya shati imekunjwa, anamwosha nywele.

"Maji ya moto! Unanichemsha kama kaa!"

"Nyamaza, bibie. Kaa hana nywele."

"Wala mume hana."

Nikavua koti, nikaenda kuwatafutia taulo.