Mayai ya Baada ya Jogoo

Kamati ya mtaa ilipiga marufuku majogoo kwa sababu mwenyekiti alikuwa halali usiku. Mkubwa akikosa usingizi, sheria inatungwa. Sisi tukikosa maji tunaambiwa tuwe wavumilivu. Wakaja watu wawili na gunia, wakamchukua jogoo wangu, wakaniachia majike wanne. Alikuwa jogoo wa mwisho wa mbegu ya marehemu mke wangu, kuku weusi wenye madoa meupe. Mbegu hiyo sijaiona kwa mtu mwingine.

Wiki ya kwanza mayai niliyakaanga, nikijua mambo yamekwisha. Muuza chakula cha kuku ndiye aliyenishtua. Alisema jike akishapandwa huitunza mbegu ya dume mwilini, na huendelea kutaga mayai yenye uhai wiki mbili hivi, pengine tatu, ila nguvu inazidi kupungua. Nikaanza kuyaweka. Ya wiki ya pili niliyachora mstari mmoja wa mkaa, ya wiki ya tatu miwili.

Shida ikawa nani ayaatamie. Majike wangu walitaga wakaenda zao. Niliwatengenezea kiota cha majani makavu, penye giza na kimya. Wapi. Mtaani kuku aliyekuwa analalia ni mmoja tu, jikoni kwa mwenyekiti.

Nikagoma. Lakini yai nalo halingoji hasira za mtu ziishe. Mwishowe nikayapanga kwenye kikapu, nikavaa shati langu la misibani, nikaenda.

Mwenyekiti alikuwa barazani na redio yake. Akanitania kwamba nimemletea rushwa. Nikamjibu rushwa hupewa mtu mwenye kazi. Mkewe, aliyekuwa shoga wa marehemu, alikipokea kikapu. Alitoa mayai yake chini ya kuku, akaweka yangu.

Baada ya wiki moja akaniita. Tuliingia stoo, akafunga dirisha, akayamulika kwa tochi moja baada ya jingine. Mengi ya mstari mmoja yalikuwa na mishipa myekundu ndani. Ya mistari miwili yalikuwa matupu, isipokuwa moja.

"Ulichelewa, shemeji," alisema.

"Nilikuwa nangoja mumeo ahame."

"Hata mimi nangoja," alisema, akachukua yai jingine.

Walianguliwa vifaranga watano. Nilitaka kuwachukua, akanikatalia: bila mama baridi ingewamaliza, wakae kwake mpaka waote manyoya. Kwa hiyo kila asubuhi napeleka chenga za mahindi, na kila asubuhi napita barazani. Mwenyekiti ni mdogo kwangu, lakini hangoji kuniamkia, anangoja kuamkiwa. Namwamkia.

Wawili wameanza kuota vilemba vyekundu. Mwenyekiti hajaona, haangaliagi vitu vya chini. Mkewe ameona, na ameshazungumza na dada yake anayekaa nje ya mji. Watapelekwa huko kabla hawajaanza kuwika, na majike wangu nitawapeleka mwenyewe.